Ugali wa Kujisongea

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka Muhoroni. Trekta za miwa zilifunga barabara asubuhi nzima. Habari nimeituma gazetini. Chakula cha mchana kibandani kwa Mama Awuor, nyuma ya soko la Kibuye, kama kawaida. Nilichagua ngege wangu, samaki wa ziwani, nikamtoa magamba mwenyewe. Hatulazimishwi. Anayetaka kuketi huketi, na Lilian wa jikoni humfanyia yote. Wengi hatuketi. Wakili, mteja wa kila siku kama mimi, alisonga ugali, tai ameitupa begani. Mama akamcheka: "Umesoma sheria yote hiyo, na ugali unakushinda?" Akala akijisifu kana kwamba hata mahindi alilima yeye. Hakuna samaki kama huyu Kisumu. Sote husema hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Ochieng', mwana wa Mama, amerudi kutoka Nairobi kusimamia kibanda. Simpendi. Amemwachisha Lilian kazi. Anasema wateja wanapenda kujifanyia, kwa nini alipe mtu? Mama amekubali. Hana riziki nyingine ila kibanda hiki.

Ijumaa, 7 Machi

Tangazo ukutani: kila mteja atatoa magamba, atasonga ugali kwa zamu na kuosha sahani yake. Nimefanya. Kisu kilekile, beseni lilelile. Leo nilijiona kibarua. Samaki alikuwa na miiba mingi. Ngege wana miiba siku zote.

Jumatatu, 10 Machi

Ugomvi. Wakili hajaketi, Ochieng' akamsukumia mwiko.

"Zamu yako, mzee."

Wakili akautupa mezani. Akamgeukia Mama, si kijana. "Kwani sisi ni wafanyakazi wako, Mama?"

Fundi baiskeli, mteja mwingine, akadakia: "Kesho atatutuma ziwani tukavue!"

Kicheko kibaya. Ochieng' akapandwa na hasira: "Juzi ulikuwa unasonga ugali bila kuambiwa. Leo umekuwa bwana mkubwa?"

Swali la haki. Mama alitazama chini. Nusu ya watu waliondoka. Nami niliondoka. Sikumtetea yeyote.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita hapo saa saba. Meza tupu, moto mmoja tu unawaka. Fundi baiskeli anasema samaki wa Mama siku hizi hana ladha. Hajamla tangu Jumatatu.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amemrudisha mwanawe Nairobi. Walitukanana mbele ya jirani. Tangazo limeng'olewa. Lilian yuko jikoni tena.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimekwenda kula. Wateja wanne. Nilichagua ngege, nikanyoosha mkono kuchukua kisu. Mama akakisogeza mbali.

"Keti, Baba. Mlisema ninyi si wafanyakazi wangu."

Hakupaza sauti. Nikaketi. Lilian akaleta samaki, ametolewa magamba vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Chumvi sawa. Ugali laini, hauna madonge. Wakili alikuwa meza ya pili, tai shingoni, anakula bila kujisifu. Tulisalimiana kwa kichwa.

Nimekula, nimelipa, nimeshukuru. Samaki alikuwa mzuri. Sina la kuongeza.