Bakuli la Eliakim

Godlove, weka kikombe chini usije ukapaliwa. Eliakim kaumbuka sasa hivi nyumbani kwake, mbele yetu sote!

Si unajua anajifunza Kiingereza cha fedha kwenye simu? "Splash out" ni kutumia bila huruma, "get by" ni kujikimu hivyo hivyo. Juzi akatangaza kwamba pale kwake asiyeomba chakula kwa Kiingereza hali.

Leo wamechinja mbuzi. Harufu ya supu imewafikia wapanda mlima kule juu, wakageuza njia, nakuapia!

Eliakim kanyoosha bakuli. Mkewe kafunika sufuria: "Omba kwa Kiingereza, Baba Tito."

Wapi! Kiingereza chote kimeyeyuka. Katoa macho, katoa jasho, mwisho katoa "good morning".

"Good morning haishibishi," Mama Tito akamjibu. HAISHIBISHI, Godlove!

Basi mzee mzima kaenda kwenye uzio, kachuma jani la isale, kampigia mkewe magoti kuomba msamaha. Na isale haikataliwi. Mama Tito kalipokea kwa heshima zote, kisha akamwekea bakulini mfupa mtupu.

"Wageni leo splash out," akasema. "Wewe, mume wangu, get by."