Mbegu ya Shamba Darasa

Jumatatu, 12 Mei

Matambarale, kama kila Jumatatu. Bodaboda imeishia kwenye tope; nimemalizia kwa miguu. Shamba darasa la Bi Somoe, ambalo mpango wa kilimo unalitumia kuonyesha mbegu mpya ya ufuta, limeanza kugeuka manjano. Mistari imenyooka kuliko yoyote niliyopanda nikiwa chuoni. Vitumba vya mbegu vimejaa kuanzia chini. Msimu mzima nimekuja hapa, na msimu mzima nimeondoka nikiwa na moyo mwepesi.

Jambo moja tu. Mashina yana matawi. Kijitabu cha mpango kinasema mbegu mpya hutoa shina moja lisilo na matawi. Nimesimama pale muda mrefu nikilifikiria hilo. Katika ripoti nimeandika kwamba matawi yamechochewa na nafasi pana kati ya mistari. Maelezo yanaridhisha. Labda yanaridhisha mno.

Alhamisi, 15 Mei

Wageni wa mkoa. Magari manne, na basi dogo la wakulima kutoka Nachingwea. Baba alikuwamo, amevaa koti lake la ualimu ingawa amestaafu siku nyingi. Nimeeleza habari za mbegu mpya mbele ya watu wote. Mathayo, mratibu wa mpango na rafiki yangu tangu tuliposoma pamoja Morogoro, alisimama pembeni akitikisa kichwa kukubali kila nilichosema.

Bi Somoe amepewa cheti na pampu ya kupulizia mikorosho. Vigelegele. Jirani yake, Mama Zuhura, akapaza sauti: "Somoe, sasa bibi shamba ni wewe, huyu mwenye digrii akapumzike!" Nimecheka pamoja nao.

Imetangazwa papo hapo: msimu ujao mbegu hii itagawiwa Matambarale, Nkowe na Nambambo, na atakayejiandikisha ataipanda katika shamba lake lote la ufuta. Kabla ya kupanda basi, baba amenishika bega. Hajawahi kunishika bega mbele za watu.

Nina furaha. Naliandika neno hilo bila kulichunguza.

Jumamosi, 31 Mei

Matita ya ufuta uliokatwa yamekauka. Tumetandika turubai, tukageuza tita la kwanza, tukalikung'uta.

Mbegu mpya ni nyeupe. Ndivyo nilivyowaambia wageni. Iliyomwagika ilikuwa ya kahawia, punje nyingine karibu nyeusi. Nikadhani ni vumbi. Nikachota, nikapuliza kiganjani. Si vumbi.

Nilimtazama Bi Somoe. Hakukwepa macho yangu.

"Mwanangu, ulisema nipande kwa kamba, nimepanda kwa kamba. Ulisema nipalilie mara mbili, nimepalilia mara mbili. Mbegu tu ndiyo yangu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ya mfuko siijui ilikozaliwa. Isipoota, wajukuu nitawalisha mistari?"

Kisha, bila kuacha kukung'uta: "Na mkubwa wako nilimwambia. Mwezi wa pili. Akasema nyamaza tu mama, cha maana shamba lipendeze."

Sikumaliza kazi. Niliondoka.

Jumapili, 1 Juni

Nimesalitiwa. Nimelizunguka neno hili tangu asubuhi, nikilitafutia jingine lililo dogo zaidi. Sijalipata.

Kwa Bi Somoe nimekula. Nimelala kwake siku mvua ilipokata barabara. Nimemwita mama. Lakini yeye angalau alimwambia mtu. Mathayo alijua tangu Februari, akanisikiliza nikieleza mbele ya mkoa mzima kitu ambacho hakikuwapo shambani, akatikisa kichwa.

Na mimi? Matawi niliyaona. Mama yeyote wa hapa angeyaona na kuitaja mbegu yenyewe. Mimi niliyatafutia sababu, na nilikuwa na elimu ya kutosha kuipata.

Mbegu mpya huenda ni nzuri. Huenda ni mbaya. Hakuna aliyeipanda, kwa hiyo hakuna ajuaye. Hilo ndilo ninaloweza kulithibitisha. Zaidi ya hapo ni hasira.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia baba simu nikitaka kumwambia asubiri. Nimechelewa. Ufuta wake wote umekwenda mnadani. Kila mwaka huacha debe moja la mbegu, ile iliyotoka kwa mama yake. Mwaka huu hakuacha hata punje.

"Si ulisema wewe inakuja mpya? Ulieleza vizuri sana."

Alisema kwa fahari. Nikamuaga, nikakata simu.

Mchana nimemfuata Mathayo ofisini. Hakukana. "Mavuno yamepanda au hayajapanda? Basi, dada." Nikasema mbegu inayokwenda kugawiwa haijajaribiwa, na watu wataipanda mashamba mazima. Akasema nikiandika hivyo, wa kwanza kuumia ni Bi Somoe, pampu itarudishwa. Nikamwambia nitasema mbele ya kijiji. Akaniambia chai yangu inapoa.

Jumatano, 4 Juni

Sijaenda popote.

Ijumaa, 13 Juni

Mkutano wa kijiji, wa kujiandikisha. Nilisimama. Nilianza na kosa langu mimi, kwamba niliona dalili nikazipuuza. Kisha nikasema ufuta waliousifu ni wa mbegu ya kienyeji, na kwamba mpya bado haijapandwa hapa.

Mathayo akamgeukia Bi Somoe. "Mama, ulipanda mbegu gani?"

Akainuka taratibu, akakaza khanga yake.

"Ile mliyonipa."

Hakunitazama. "Bibi shamba amechoka. Jua lote hili, na kutwa yuko juu ya bodaboda."

Wakacheka. Wakapanga foleni, wakaandikwa. Mama Zuhura alipopita alinipigapiga mkono, kama anayemtuliza mtoto aliyejikwaa.

Usaliti wa Mathayo niliutarajia. Wa Bi Somoe sikuutarajia. Nililia njiani, nikijua dereva anasikia.

Jumatano, 18 Juni

Nimepitia orodha ya waliojiandikisha. Kaya zote zimo, isipokuwa ya Bi Somoe.

Nimekwenda kwake bila kujua nakwenda kusema nini. Uani wamejaa wanawake, kila mmoja na bakuli, naye anawapimia ufuta wake wa kahawia. Wale wale wa foleni ya Ijumaa. Hakuna aliyeficha bakuli aliponiona.

"Mifuko ya bure tutachukua, dada, nani akatae?" alisema Mama Zuhura. "Tutaijaribu pembeni, mistari miwili. Shambani tunatia hii."

Mistari miwili pembeni. Ndilo jaribio nililofundishwa kulifanya kabla ya kumshauri mtu yeyote. Sikulifanya. Wao watalifanya bila kijitabu.

Walijua wote, na tangu mwanzo. Waliokuwa hawajui ni mimi na wageni. Nilidhani nakilinda kijiji. Kijiji kilikuwa kimejilinda, dhidi yangu pia. Mwakani wageni watarudi, watakuta mashamba yanapendeza, na ripoti itaitaja mbegu ya mpango. Nimeandika barua ya kurasa mbili kwenda mkoani na kuituma. Sijui kama itasomwa. Sijui hata kama nimeiandika kwa ajili ya ukweli au kwa hasira dhidi ya Mathayo.

Bi Somoe nimemwelewa. Sijamsamehe. Nilidhani mambo haya mawili huja pamoja.

Wenzake walipoondoka nikamweleza habari za baba: ameuza mbegu zake zote kwa sababu ya maneno yangu. Hakutoa pole. Aliingia ndani, akakaa sana. Alirudi na debe limejaa, mdomo umefungwa kwa kitambaa.

"Mwambie asichelewe kupanda."

Nilitaka kukataa. Nimepokea.

Jumapili, 22 Juni

Nambambo, nyumbani kwa baba. Amelifungua debe uani, akamimina kidogo kwenye ungo, akavaa miwani. Ameuliza kama hii ndiyo ile mpya.

Nimemwambia siyo. Nimemweleza yote, tangu matawi. Amesikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi aliyekosea hesabu ubaoni, bila kumkatiza, mpaka afike mwisho mwenyewe.

Akaanza kuchambua, punje mbovu huku, nzima huku. Baada ya muda akasogeza ungo ukawa katikati yetu.