Tiki ya Bi Maryam

Jumatano. Jua kali Mkomani tangu asubuhi, na mimi nimetulia kuliko jana.

Jana nilikuwa na aibu. Mume wangu marehemu, Salim, aliacha programu ya simu ambayo wasusi wa Kipungani huitumia kulijulisha duka la hapa mjini kwamba mkeka fulani uko tayari kuuzwa. Jana ilionyesha mikeka kumi na minane. Iliyokuwapo ni tisa.

Kosa lilikuwa langu.

Kwenye ukurasa kuna kisanduku cha kutia tiki, "Umeisha", na chini yake kitufe cha "Hifadhi". Wasusi hutia tiki, wakaweka simu chini. Kitufe hawakigusi. Wiki iliyopita nilimwuliza Bi Maryam, mkubwa wao, akanicheka.

"Mkeka ukishatiwa pindo umeisha, mwanangu. Kwani huisha mara mbili?"

Mikeka yake mitatu ilikuwa imekaa nyumbani bila duka kujua. Akaniambia watakutana Alhamisi, na kama simu yangu bado "yala mikeka", watarudi kwenye daftari. Sikumwambia kwamba hii ndiyo kazi ya mwisho ya Salim.

Kitufe kina mahali pa kufungia amri, yaani kazi ya kufanywa kikibonyezwa. Kisanduku hakina, chenyewe hutoa tukio tu, kwamba kimebadilika. Basi jana nikaandika kwenye ukurasa wenyewe: kikibadilika, tuma. Sikujua kwamba ukurasa ukifunguka, programu hujaza tiki za zamani, na kila tiki hutoa tukio lilelile. Mikeka yote tisa ikatumwa tena.

"Ukurasa uonyeshe tu, usifikiri," Salim alizoea kusema nikimpelekea chai. Nilidhani ananichokoza. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, nilianza kuusoma nikiwa edani, miezi minne na siku kumi. Ilikuwa njia ya kukaa naye.

Leo nimefuta mistari yangu. Mahali pake nimeweka kiungo kidogo kinachopokea tukio la tiki na kuita amri ileile ya kitufe. Amri hiyo haiko kwenye ukurasa, iko kwenye modeli, sehemu inayofikiri nyuma yake. Salim aliipa jina MkekaUmeisha. Kabla ya kufanya kazi hujiuliza: mkeka huu ulishatumwa? Kama ulishatumwa, hukataa.

Salim alikuwa ameliwaza hilo zamani. Jana mimi nililipita kando.

Baada ya adhuhuri nilikwenda Kipungani. Bi Maryam alitia tiki zake tatu. Nikaufunga ukurasa, nikaufungua mara mbili, kisha nikapiga simu dukani. Wakasema imeingia mitatu. Mitatu tu.

"Haya, imetapika," Bi Maryam akawaambia wenzake, nao wakacheka. "Basi kesho ndia ni hii hii ya simu. Daftari tutafungia kashata."

Akanishika mkono kidogo, akarudi kwenye ususi wake. Hakumtaja Salim, nami nilimshukuru kwa hilo.

Sasa tiki yatosha. Kile kitufe hakina kazi tena, na kwa desturi kisicho na kazi hutolewa. Lakini ni cha kijani, na rangi hiyo Salim aliipata kwa kuisogeza simu kwenye mlango wetu, akibadilisha kidogo kidogo hadi zikafanana, nami nikimcheka kutoka ndani.

Kinamdhuru nani kikibaki?