Nilikuwa Naangalia Mupira

Mama Rachida, wewe unayejibu barua za watu, nakusalimia sana, unisikilize na unisaidie, maana hapa Kasongo sina tena mutu wa kumueleza. Naitwa Marcellin, ni arbitre, mwamuzi wa basketi, zamani nilichezesha mupira wa miguu na huko nilizoea kuukimbilia popote unapokwenda, basi juzi ekipe ya Wamaza ilikuja kucheza na yetu, mupira ulikuwa upande wa arbitre mwenzangu Ruphin, wachezaji wanaurukia chini ya kikapu, watu wanapiga kelele, na mimi macho yote huko huko, mara nasikia "yoo!" nyuma yangu, kugeuka namuona Iliasi wa Wamaza iko chini, damu mudomoni, jino limetoka, na aliyesimama karibu naye ni Joël, mudogo wake bibi yangu. Sikupiga filimbi kwa sababu sikuona kitu, lakini nani ataamini? Wamaza wanasema nilifumba macho kwa ajili ya shemeji, kwenye mechi ya marudio hawatacheza nikiwepo, na viongozi wetu wananiambia niseme tu nilimuona Joël akipiga kiwiko, aazibiwe, mambo yaishe. Joël anaapa hakupiga. Bibi yangu hasemi na mimi. Nifanye nini, mama?

Marcellin, barua yako nimeisoma, pole, ila pole ya kwanza iko ya Iliasi. Usiseme uliona. Njia ya mwongo ni fupi, na filimbi ya mwongo nani ataisikiliza? Kama kuna mutu aliona, aseme yeye.

Lakini na wewe, ndugu yangu! Muko arbitre wawili, wote wawili munakodolea mupira mumoja, wale wengine mumewaachia nani? Kufuata mupira ni kazi ya mushabiki. Ukiwa upande wa Ruphin, muachie Ruphin. Wewe angalia wasio nao, mikono yao, viwiko vyao, nani anamusukuma nani. Na usiingie katikati yao, kaa pembeni, mutu asibaki nyuma ya mugongo wako. Nenda kwenye mazoezi ya vijana, jikataze kabisa kuangalia mupira, Ruphin akuulize kila mara: nani alikuwa wapi? Utateseka mwanzoni, halafu utazoea.

Mechi ya marudio waachie wengine. Panda pikipiki, fika Wamaza kwa Iliasi, mbele ya wazazi wake useme: "Sikuona, na kuona ilikuwa kazi yangu." Shemeji usimutetee, usimushitaki. Watakugombeza, nyamaza, sikiliza. Bibi yako atanuna, atapoa. Mimi naamini hukumuficha Joël. Lakini ulimuficha ao hukumuficha, jino la Iliasi limekwenda.