Kamera ya Nne Inatazama Lango la Aglaia

Poieni, 6 Februari 2022

Mwanangu Tiberiu,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalonisumbua kila theluji ikitaka kuanguka, na paka amezaa tena ndani ya kapu la vitunguu. Wewe hujambo? Unakula chakula cha moto, au bado unaishi kwa mikate mikavu huko Torino?

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza ninachosema. Barua huwezi kuikatiza. Gavril wa basi ataibeba pamoja na soseji, na akiufungua mfuko nitajua.

Sitaki kamera. Nimesema mara tatu, hii ya nne. Najua duka la kijiji cha pili limevunjwa mlango. Najua niko peke yangu tangu baba yako Pavel afariki, mwaka wa tatu huu. Lakini wanaoingia dukani kwangu niliwaona wakitambaa. Niwatundikie jicho juu ya kichwa wakija kununua chumvi? Na Aglaia je? Miaka ishirini na miwili tumesimama kaunta moja. Ana ufunguo wa duka, ana ufunguo wa nyumba, anajua hata sanduku nilimoweka nguo za kuzikwa nazo. Nitamwambia nini?

Ukizileta, kuku watatagia ndani ya maboksi yake.

Mama yako,
Glicheria

Torino, 20 Februari 2022

Mama, shikamoo, na mkono nakubusu.

Soseji zimefika. Gavril anaapa hakugusa hata moja, ila masharubu yake yananuka kitunguu saumu. Mimi mzima, mgongo tu. Wajukuu wako wanakusalimu.

Kamera zimeshapanda basi. Usirushe barua motoni, soma kwanza. Nimezunguka wiki mbili kuzichagua. Ni za waya, kwa sababu kuta za babu ni nene na zile zisizo na waya zitakata kila saa. Sikuchukua za bei rahisi, zile gizani hazitofautishi mtu na mbuzi. Sikuchukua zenye sauti pia: sheria haipendi, na nakujua, ungeanza kuzitukana.

Ziko nne. Ya kwanza juu ya kaunta, lakini isipandishwe sana, tusije tukarekodi kofia tupu. Ya pili mlangoni, iwekwe upande, isitazamane na jua. Ya tatu stoo. Ya nne nje, ione mlango na dirisha. Sanduku la kurekodia lisikae chini ya kaunta, mwizi ataondoka nalo. Likae darini penye maharage. Kibandiko kiwekwe mlangoni ili watu wajue wanaonekana. Nelu wa umeme atazifunga. Si ni mtoto wako wa ubatizo?

Nina hasira, Mama, nakwambia kweli. Usipopokea simu mara mbili nakuona umelala sakafuni. Habari za baba zilinikuta juu ya jukwaa la ujenzi, na simu kama ile siitaki tena. Mlevi Ilarion alipindua trekta baba akiwa juu yake, na leo anatembea kijijini mikono mfukoni. Halafu mimi ndiye nisiweke hata kamera?

Mwanao,
Tiberiu

Poieni, 20 Machi 2022

Mwanangu Tiberiu,

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Sisi tupo, Kwaresima imetubana, tunakula maharage mpaka tunaongea kimaharage.

Basi furahi, umeshinda. Nelu amekuja na ngazi, amekunywa gongo ya plamu kabla ya kupanda na baada ya kushuka, na kamera zako zipo. Tatu za ndani kaziweka ulivyosema. Ya nne imemshinda. Mzabibu alioupanda baba yako unaziba mlango, na nilimwambia atakayekata tawi nitamkata sikio. Kwa hiyo ameigeuza ng'ambo ya barabara. Inaona lango zima la Aglaia, na barabara inayokwenda kushoto, makaburini. Duka letu haioni hata kidogo. Mlinde Aglaia, basi.

Mke wa kasisi sasa anachana nywele kabla ya kuingia kununua hamira. Aglaia yeye hana habari. Kila asubuhi anaipungia mkono ile ya kaunta: "Tiberiu, umekunywa kahawa, baba? Vaa soksi nzito!" Mimi napita chini yake nikiwa nimeinamisha kichwa, utadhani mimi ndiye mwizi.

Na lile jina usiliandike tena. Dukani kwangu halitajwi.

Mama yako,
Glicheria

Torino, 3 Aprili 2022

Mama, shikamoo.

Natumai u mzima. Kaa chini kwanza.

Nimeangalia Jumamosi nne mfululizo. Asubuhi, wewe ukiwa bado chumba cha nyuma, Aglaia anachukua rafuni pakiti ya kahawa na pakiti ya sigara, zile za bluu za baba. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anaziingiza chini ya aproni. Anatoka. Kamera ya nne inamwonyesha akilipita lango lake mwenyewe na kuendelea kushoto. Ana mteja huko. Jumamosi nne, Mama! Halafu anarudi, anapunga mkono, ananiuliza kama nimekunywa kahawa!

Sikukuuliza, kwa sababu ungemtetea. Leo nimeiweka video kwenye kundi la kijiji mtandaoni, na jina lake. Mpaka naandika hivi watu mia tatu wameshaiona. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. Afadhali kijulikane.

Mwanao,
Tiberiu

Poieni, 12 Aprili 2022

Tiberiu,

Leo sikusalimu. Simu zako nimeziacha zilie, na zitaendelea kulia.

Unajua Jumamosi ni siku ya nini kwetu, au Torino wamekusahaulisha? Ni siku ya wafu. Kila Jumamosi natoa sadaka ya baba yako, kile alichokipenda, ili akipate huko aliko. Alipenda kahawa nyeusi na sigara za bluu. Na sadaka haifiki mpaka anayeipokea aseme kwa kinywa chake, "Mungu amrehemu." Sasa niambie, wewe mwenye macho manne: nani hapa Poieni anavuta sigara ile ile, anakunywa kahawa ile ile, kwenye benchi lile lile alilokaa na baba yako miaka thelathini?

Ndiyo. Huyo.

Sijamsamehe. Nikimwona mbele naingia shambani kwa watu ili nisipishane naye. Walikuwa wamelewa wote wawili siku ile, na usukani aliushika yule aliyeweza bado kusimama. Hilo nalijua, na bado sijamsamehe. Lakini baba yako akose sigara kwa sababu ya kinyongo changu? Mguu wangu haufiki kwa Ilarion, kule njia ya makaburini, basi nikamwomba Aglaia anipelekee. Ni mimi niliyemwambia afiche chini ya aproni, watu wasione kitu kikitoka dukani kwangu kwenda kule. Ni mimi niliyekuwa naona aibu, na ni mimi niliyeficha. Yeye alibeba tu.

Na unajua alifanya nini walipomzomea kwenye foleni ya unga? Alinitunzia siri yangu. Kasisi alimwita akamwomba arudishe ufunguo wa kanisa, kanisa analolifagia tangu wewe hujaota meno. Akautoa mfukoni, akauweka mezani, akaenda zake. Aproni yake niliikuta asubuhi imetundikwa kwenye komeo la duka.

Nilisimama katikati ya duka nikasema yote, na jina la Ilarion nikalitaja kwa sauti. Walinijibu nini? "Glicheria, una moyo mzuri, unamfichia mwizi." Neno langu halitoshi! Video yako wameiona kwa macho.

Mtoto niliyemzaa mimi! Supu yake uliinywa, homa yako ya surua alikesha nayo, na wewe unamvua nguo mbele ya kijiji kizima kama kuku wa Krismasi.

Tarehe 11 Juni ni Jumamosi kuu ya wafu. Uje. Uliyemvua hadharani umvike hadharani. Na sadaka ya siku hiyo uibebe wewe, kwa mkono wako, mpaka kwa Ilarion.

Kamera zako nimezivisha soksi za baba yako. Ya nje ngazi yangu haifiki, la sivyo nayo ingekuwa imevaa.

Glicheria

Torino, 24 Aprili 2022

Kristo amefufuka, Mama.

Video nimeifuta. Nimeandika pale kwenye kundi kwamba nilikosea. Wamenijibu kwa vicheko, wanasema mama kanichapa. Unataka nifanye nini zaidi?

Na kwa nini hukuniambia? Ungeniambia neno moja tu! Miaka mitatu unamlisha aliyemuua baba, unanificha mimi, halafu mwenye makosa ni kamera? Kwa Aglaia nimekosa, sikatai. Lakini kwa Ilarion siendi. Kahawa hiyo bora niimwage mtoni.

Mwanao,
Tiberiu

Torino, 22 Mei 2022

Mama, shikamoo.

Wiki ya nne hujanijibu. Gavril anasema u mzima na kwamba ulimpa soseji zake mwenyewe, zangu hukutoa.

Kamera tatu zina giza. Ile ya kaunta naijua soksi yake, ya kijani, baba aliivaa kwenye harusi yangu. Imebaki ya nne. Kila mapumziko ya kazi nafungua simu, naona lango la Aglaia. Nimelitazama mwezi mzima. Halifunguki. Jumapili kengele ikipigwa watu wanapita hapo wakiwa wamegeuza shingo upande wa pili. Jana alitoka na ndoo, akaona mtu anakuja, akarudi ndani na ndoo tupu. Nikaizima simu, nikampigia kelele msimamizi bila sababu.

Nijibu, Mama, hata kwa matusi. Kuja siwezi, ruhusa hawatoi.

Mwanao,
Tiberiu

Poieni, 14 Juni 2022

Tiberiu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama nitaona unazistahili.

Jumamosi nilitoka mapema na bakuli zangu na mishumaa, nikashinda makaburini kwa baba yako. Nilikungoja pale mpaka nta ikanidondokea viatuni. Hukuja. Nikarudi nikikulaani kila hatua. Jana mke wa kasisi ananiambia, "Mwanao kanenepa." Nikamwambia, umemwonea wapi? Ananitazama kama mwehu; wote walidhani nimeshakuona.

Nikamburuta Nelu mpaka darini. Akalifungua lile sanduku lako, akanionyesha.

Umefika kweli saa moja na dakika kumi, na begi moja. Umesimama kwenye lango la Aglaia kofia mkononi, na kijiji kizima kinapita na bakuli kwenda makaburini. Kila anayepita unamzuia na kumwambia kitu. Kamera haina masikio, lakini mke wa kasisi anayo: "Aliyesema uongo ni mimi. Aglaia hakuiba. Alitumwa na mama yangu." Hivyo hivyo, kwa kila mtu, hata kwa Gavril aliyekuleta! Dakika arobaini lango halikufunguka. Nikasema moyoni, safi, Aglaia, mwache aive.

Halafu akatoka akakuzaba kofi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nelu nilimwambia arudishe nyuma nikaliona tena. Kisha akakushika kwa mkono huo huo aliokupigia shavuni, akakuingiza ndani.

Jana asubuhi kasisi alimrudishia ufunguo mbele ya watu. Leo aproni haipo kwenye komeo, ipo mwilini mwake, na ananiambia nisiandike marefu, wateja wanangoja.

Ila sikiliza nikugombeze. Umekuja kutoka Torino ukaupita mlango wa mama yako bila hodi! Soksi nilishazitoa nikitegemea uje uone. Kabichi za nyama sufuria nzima zimechacha. Wewe ni mwanangu au mpita njia?

Na lingine. Ulipotoka kwa Aglaia ulikuwa na kifurushi chini ya koti. Ukakishika kwa mikono miwili, ukaenda kushoto. Makaburini hukufika, nilikuwa huko. Nusu saa baadaye umerudi, mikono mitupu, macho mekundu, ukapanda gari la Gavril.

Sikuulizi ulimwambia nini wala yeye alikujibu nini. Sitaki kujua. Nauliza moja tu, kwa sababu baba yako anangoja na kamera zako ni viziwi: alisema yale maneno, au hakusema? Kama hakusema, sadaka haijafika, na utarudi.

Hujambo, mwanangu? Unakula?

Mama yako,
Glicheria

Torino, 26 Juni 2022

Mama, shikamoo, na mkono nakubusu.

Alisema. Alivua kofia, akasimama, akasema.

Bado simpendi.

Mwanao,
Tiberiu