Hodi kwenye Pango la Barafu

Salma mjukuu wangu,

Marahaba! Huku Amani sote wazima, na shangazi yako kajifungua mapacha. Nyumba nzima haina usingizi kwa furaha.

Unauliza uende na wenzako kwenye pango la barafu huko Aisilandi, chini ya mlima wa moto, au uogope. Nenda! Barua yako imeniwasha miguu, natamani safari na mimi.

Nilipokuwa msichana Kizimkazi, babu yangu alinipeleka kwenye pango lenye maji. Mlangoni akapiga hodi, akatega sikio. "Leo hatujakaribishwa," akasema. Nililia njia nzima. Kesho yake akapiga hodi tena, akasikiliza, akacheka: "Haya, twende!" Maji yalikuwa maangavu mpaka nikaviona vidole vyangu vya miguu! Hapo ndipo nilipofahamu: maji yakivuma ndani, bahari imejaa na kuingia ni hatari, na huo mvumo ndio babu aliokuwa akiusikiliza.

Basi anayewaongoza akisema mrudi, rudi bila kununa. Akisema ingieni, ingia mwanangu, upige hodi kwa sauti kubwa! Nimekutumia sauti yangu kwenye simu, uifungulie humo humo ndani. Nimesema neno moja tu: "Karibu!"

Bibi yako