Kisu cha Mama na Vimashine vya Wifi

Mwenzangu, uko? Wifi yangu kanimaliza leo.

Unakikumbuka kile kisu cha marehemu mama, alichokuwa akikinoa kwenye kitako cha kikombe mpaka kikalika kikawa chembamba? Kakitupa. Kwenye pipa la taka! Mama hana hata miezi miwili kaburini.

Eti kanunua vimashine vya plastiki vya kukatia vitunguu, vya ofa, viwili kwa bei ya kimoja. "Wifi, tuache ushamba. Unavuta kamba mara tatu tu, kwisha kazi."

Kavuta mara ya kwanza, kitunguu kikazunguka kizimakizima. Mara ya pili, kamba ikambakia mkononi. Akatoa cha pili, nacho hivyohivyo. Vyote viwili, mwenzangu!

Wageni wanasubiri chakula sebuleni, naye ananigeukia bila haya: "Wifi, hebu kitafute kile kisu kwenye pipa." Kile kisu! Alichokiita chuma chakavu asubuhi!

Baba ndiye aliyetoka chumbani nacho, kakifunga kwenye kitambaa cha mama cha kichwani. Kumbe alishakiokota. Akavuta kigoda, akaketi, akamgeukia wifi.

"Lete vitunguu, mwanangu. Hiki wewe hukishiki tena."